Gego la mwisho: kuliacha au kuling'oa, ganzi au usingizi, upande mmoja au yote manne

Anayefika kwa daktari wa meno akiwa ameshika shavu huwa na swali moja tu: ling'olewe au liachwe? Kumbe maswali ni manne. Kuling'oa au kuliacha. Kulivuta tu au kulifanyia operesheni. Ganzi au usingizi. Upande mmoja kwanza au yote manne siku moja. Msimamo wetu tunautoa mapema ili usisome ukiwa gizani: kwa watu wengi wa Bukavu wenye afya ya kawaida, gego lisiloleta shida liachwe, na linaloleta shida ling'olewe kwa ganzi, upande mmoja kwa mara, baada ya radio (picha ya eksirei) inayoonyesha mzizi mzima. Wapo ambao kanuni hiyo haiwafai, na tutawataja.

Kuliacha au kuling'oa

Gego la mwisho, ambalo wengine huliita jino la akili, huota kati ya miaka 17 na 25, wakati taya limeshagawa nafasi zake zote. Si wote wanaopata manne. Wengine wana mawili, wengine hawana kabisa. Likitoka wima, likagusana vizuri na mwenzake wa juu, na mswaki ukalifikia mpaka nyuma, halina kosa lolote. Hata lililozikwa kabisa ndani ya mfupa laweza kubaki humo, mradi haliumi na radio haionyeshi kifuko cha maji kikikua kulizunguka. Uingereza, mwongozo wa mwaka 2000 ulitaka desturi ya kung'oa magego ya mwisho yenye afya isimame, kwa sababu operesheni nayo ina hatari zake. Marekani madaktari wengi bado huyatoa mapema, wakisema kijana wa miaka 20 ana mizizi mifupi na mfupa laini, naye hupona haraka kuliko mtu wa miaka 40. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini hatuoni kwamba inatosha kumlaza kwenye kiti mtu ambaye hana dalili.

Lenye shida ni lile lililotoka nusu. Juu yake hubaki kipande cha ufizi kama kofia iliyovaliwa upande. Chini ya kofia hiyo huingia jani la sombe, pezi la sambaza, chembe ya mchele; mswaki haufiki, bakteria wanazaana, kofia inavimba. Kisha gego la juu linaanza kuikanyaga kila unapofunga mdomo. Mdomo unafunguka upana wa kidole kimoja, mate yanakuwa na ladha mbaya, maumivu yanapanda sikioni. Shambulio la kwanza likiwa dogo, daktari huosha chini ya kofia kwa bomba la sindano lenye maji ya chumvi, na mambo yanaweza kutulia. Likirudi mara ya pili, au la kwanza likiwa kali lenye homa na uvimbe wa shingo, gego hilo ling'olewe. Kukata kofia peke yake ni rahisi zaidi, ila mara nyingi ufizi huo huota tena.

Amoksisilini ya farmasi bila kuonwa na daktari haimalizi jambo hili. Inatuliza kwa wiki chache, kisha shida inarudi kwa sababu mfuko unaokusanya chakula bado upo palepale. Antibiotiki ina kazi yake pale penye homa, uvimbe unaosambaa au mdomo usiofunguka. Ukiandikiwa metronidazoli, achana na kasiksi (pombe ya ndizi) na bia mpaka siku mbili baada ya kidonge cha mwisho.

Sababu moja husahaulika sana. Gego lililoegemea mbele linaweza kuwa halikuumi kabisa, huku likimwozesha jirani yake. Chakula hukwama kati yao, na gego la pili, ambalo ndilo la kutafunia, linatoboka ukuta wa nyuma mahali ambapo kioo cha daktari hakioni. Ukija kusikia maumivu, unakuwa umepoteza mawili. Hapo tunasema wazi: ng'oa mapema. Kinyume chake, kung'oa gego la mwisho ili meno ya mbele yasibanane hakuna msingi. Kubanana kwa meno ya mbele hutokea hata kwa watu wasio na gego hilo.

Radio ndogo au panoramiki

Radio ndogo ya ndani ya mdomo ni ya bei nafuu na inatosha kwa gego la juu, au la chini lililosimama wima, mradi ncha ya mzizi ionekane yote. Tatizo ni kwamba kwa gego la nyuma kabisa filamu hiyo humfanya mtu ahisi kutapika, nayo hutoka ikiwa imekata mizizi. Panoramiki inaonyesha taya zima: mizizi, mfereji wa mshipa wa fahamu unaopita chini yake, na uwazi wa shavu juu ya magego ya juu.

Kwenye picha hiyo kuna alama tatu za kutazama pamoja na daktari. Mzizi kuwa mweusi pale unapokatiza mfereji. Mstari mweupe wa ukuta wa mfereji kukatika. Mfereji wenyewe kupinda ghafla. Mshipa huo ndio unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Ukiguswa, kidevu hufa ganzi, mara nyingi kwa wiki au miezi. Ganzi isiyoisha hutokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 100, lakini anayepata hawezi tena kujua kama uji unamwagika kidevuni. Muulize daktari moja kwa moja: «Daktari, mzizi umefika karibu na mshipa?» Akijibu bila picha mkononi, subiri kwanza. Na ukihamia kwa daktari mwingine, beba picha yenyewe, si karatasi ya maelezo peke yake.

Kuvuta au operesheni

Gego la juu mara nyingi hutoka kwa nyenzo na koleo ndani ya dakika chache. La chini lililosimama wima pia linaweza kutoka hivyo. Lililoegemea mbele, ambalo ndilo tunaloliona zaidi, na lililolala kabisa, huhitaji operesheni. La chini lililoegemea nyuma huonekana jepesi kwenye picha, kumbe ni gumu kuliko yote, kwa sababu linapotaka kutoka linakutana na mfupa wa taya unaopanda.

Operesheni huenda hivi. Ufizi unapasuliwa na kuinuliwa. Mfupa kidogo unaondolewa kwa mashine huku maji ya chumvi safi yakimwagika kupoza ncha yake. Gego linakatwa vipande viwili au vitatu. Kila kipande kinatolewa kwa nyenzo. Kishimo kinaoshwa mpaka maji yawe safi. Ufizi unashonwa nyuzi mbili au tatu. Ni kazi ya dakika 20 mpaka saa moja. Anayejaribu kuling'oa zima bila kulikata, kwa nguvu za mkono, ndiye anayevunja mizizi au kupasua mfupa. Ukisikia daktari anapendekeza kukata gego, usidhani anakuongezea kazi: vipande vidogo hutoka kupitia tundu dogo, na tundu dogo huvimba kidogo.

Kuna jambo la mashine ambalo wagonjwa hawalijui. Turbini ya kawaida ya kuziba meno hupuliza hewa mbele. Ikitumika ndani ya ufizi uliofunguliwa, hewa inaweza kuingia chini ya ngozi. Shavu linajaa palepale, na ukilibonyeza linalia kama mfuko wa plastiki. Kwa hiyo kazi hii inataka mashine ya upasuaji isiyopuliza hewa kidondani. Ni halali kuuliza kabla ya kukaa kwenye kiti.

Na pale mizizi inapokumbatia mshipa, kuna njia ya katikati: kukata kichwa cha gego na kuiacha mizizi ndani. Inapunguza hatari ya ganzi ya kidevu. Gharama yake ni kwamba mizizi hiyo husogea polepole kwenda juu, na watu wachache hulazimika kurudi kuitoa. Haifai kwa gego lililooza mpaka ndani, wala kwa mizizi iliyolegea.

Ganzi au usingizi

Kwa ganzi unabaki macho. Unasikia kusukumwa, unasikia mlio wa mashine kwenye fuvu, lakini maumivu makali hayapo. Yakitokea, inua mkono uongezewe. Lignokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini hushika taya la chini kwa saa moja na zaidi, na mdomo hubaki mzito saa 3 mpaka 5. Kasoro yake kubwa: kwenye ufizi wenye usaha haishiki vizuri. Ndiyo maana daktari anaweza kukutuliza kwanza kwa siku kadhaa kabla ya kung'oa; hakuzungushi.

Usingizi unataka chumba cha operesheni, mtaalamu wa usingizi, oksijeni, mashine ya kufuatilia mapigo na pumzi, na umeme usiotetereka. Unafunga kula kwa muda wa saa 6 kabla ya kazi, maji safi unaruhusiwa mpaka zibaki saa 2. Koo linauma kwa sababu ya bomba, kichefuchefu ni cha kawaida, na kwa saa 24 huendeshi kitu wala huachwi peke yako. Bei hupanda kwa sababu unalipia watu wengi zaidi na kitanda.

Hapa Bukavu lazima tutaje umeme. Ukikatika katikati ya kazi ya ganzi, daktari anabana kompresi (pedi ya gozi), wewe unapumua mwenyewe, mnasubiri jenereta. Ukikatika wakati umelazwa usingizi, kila sekunde inahesabiwa. Usingizi si kitu cha kuogopa, ila ununue mahali ambapo swali hili lina jibu la haraka: jenereta inashika baada ya muda gani, na mtungi wa oksijeni wa akiba uko wapi?

Usingizi unawafaa nani basi? Mwenye gego lililozama sana au lenye kifuko kikubwa. Mwenye mdomo usiofunguka kwa sababu ya usaha. Mtu mwenye ulemavu asiyeweza kutulia. Na mwenye hofu kubwa, ile inayomfanya atetemeke hata kwa kuona kiti. Hofu ya namna hiyo ni sababu halali, isichekwe.

Kwa njia yoyote ile, kuna mambo ambayo daktari lazima ayasikie kutoka kwako kabla ya sindano. Mwenye ugonjwa wa seli mundu (watu husema tu «ni SS») anahitaji mpango wake: maji ya kutosha, joto, oksijeni, na vipimo vya damu kabla ya usingizi. Mwenye kisukari apime sukari asubuhi hiyo. Mwenye valvu ya moyo ya bandia, au aliyewahi kuugua maambukizo ya ndani ya moyo, huhitaji gramu 2 za amoksisilini kati ya dakika 30 na 60 kabla ya kuanza. Anayemeza dawa za kupunguza kuganda kwa damu asiziache mwenyewe. Daktari ndiye atakayeamua. Mama mjamzito, kama kazi haiwezi kungoja, ni afadhali miezi mitatu ya katikati.

Upande mmoja au yote manne

Hapa ndipo watu wengi hujuta, kwa hiyo tuende taratibu.

Hesabu ya ganzi kwanza. Kichupa kimoja cha mililita 1.8 cha lignokaini ya asilimia 2 kina miligramu 36. Kwa kipimo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kilo, mtu wa kilo 60 asizidi miligramu 264, yaani vichupa 7. Gego moja la chini na moja la juu hutumia vichupa 2 mpaka 4. Yote manne yanakupeleka ukingoni, na hapo mtu akianza kuumia hakuna tena nafasi ya kumwongezea. Pili, ukipigwa ganzi taya la chini pande zote mbili, ulimi wote, mdomo wote na kidevu vinalala pamoja: mate yanatiririka, unajing'ata bila kujua, kumeza kunatisha. Tatu, na hili ndilo linalodumu, unabaki bila upande wa kutafunia kwa wiki nzima.

Upande mmoja, la juu na la chini kwa pamoja, unakuachia upande mwingine wa kulia bugali laini kuanzia siku ya tatu au ya nne. Kisha unasubiri wiki 3 mpaka 4 kabla ya upande wa pili. Anza na upande unaouma.

Yote manne siku moja yana haki yake kwa usingizi, maana haina maana kulazwa mara mbili. Pia kwa anayetoka mbali: mtu wa Idjwi anayepanda boti, au wa Kalehe na Walungu, anaokoa safari na siku za kazi. Lakini huyo apange kulala mjini usiku 3 au 4, kwa sababu uvimbe hufika kilele siku ya pili na ya tatu, si siku ya operesheni. Kurudi kisiwani jioni ileile ni kwenda kukutana na shida mahali ambapo daktari hayupo.

Hoja hiyohiyo inawahusu wanaovuka Ruzizi kwenda kutibiwa Rwanda. Ikiwa kule umepata panoramiki au daktari bingwa ambaye hapa hukumpata, vuka. Hesabu tu marudio: kutoa nyuzi siku ya 7, na pengine kuoshwa kishimo siku ya 4. Usitegemee kuvuka mpaka usiku shavu likiwa linavuja damu. Njia ya busara ni kupiga picha huko na kufanyiwa kazi hapa, kama daktari wa hapa ana vifaa.

Ukilinganisha bei, kwa dola au kwa faranga, uliza imebeba nini: kuonwa, radio, ganzi, nyuzi, dawa, kurudi kwa ukaguzi. Bei ndogo isiyo na marudio inaweza kuishia kuwa kubwa.

Siku ya kwanza: bonge la damu ndilo mali

Kishimo hujaa damu, damu inaganda, na bonge hilo ndilo linalofunika mfupa mpaka nyama mpya iote. Karibu makosa yote ya nyumbani ni njia tofauti za kuling'oa bonge.

Uma kompresi dakika 30 bila kuifungua. Kuifungua kila dakika tano «kuangalia kama bado inatoka» ndiko kunakofanya iendelee kutoka. Mate ya rangi ya waridi mpaka kesho yake ni kawaida. Tone moja la damu hupaka rangi mate mengi. Damu ikijaa mdomo, kaa wima, weka kompresi mpya yenye unyevu juu ya kishimo chenyewe (si kwenye meno ya jirani), uma dakika 30 ukitazama saa. Huna kompresi? Kifuko cha chai nyeusi kilicholowekwa na kupoa hufanya kazi hiyo vizuri. Ikishindikana mara mbili, rudi kwa daktari.

Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, usivute sigara. Mate yaache yatiririke yenyewe kwenye kitambaa. Sigara ni bora iachwe siku 3 kwa uchache, wiki ikiwezekana. Aliyeng'olewa gego la juu asipenge kamasi kwa wiki 2, na akipiga chafya afungue mdomo: kati ya kishimo na uwazi wa shavu pana ukuta mwembamba sana. Maji yakitokea puani unapokunywa, ukuta umetoboka. Mpigie daktari siku hiyohiyo.

Kurudi nyumbani, moto (pikipiki) kwenye mashimo ya barabara ya Essence kwenda Panzi haifai mtu aliyetoka tu kushonwa. Teksi ikiwezekana. Usiku lala na mito miwili.

Barafu au joto

Barafu siku ya kwanza na ya pili. Joto kuanzia siku ya tatu. Kubadilisha mpangilio huo ni kuongeza uvimbe. Weka barafu nje ya shavu ikiwa imezungushiwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, pumzika dakika 20, rudia ukiwa macho. Nyumba isiyo na friji hutatua jambo hili kwa kununua mfuko wa maji ulioganda, au kipande cha barafu kwenye duka la samaki wa barafu. Kifunge kwenye plastiki safi, na kisiingie mdomoni. Siku ya tatu kitambaa cha maji ya uvuguvugu husaidia taya lililokaza. Fungua mdomo taratibu kwa vidole mara kadhaa kwa siku. Kukaza hupungua ndani ya wiki 1 mpaka 2.

Ibuprofeni, paracetamol au vyote

Kwa maumivu haya, ibuprofeni ya miligramu 400 hushinda paracetamol ya gramu 1, na vyote viwili pamoja hushinda kila kimoja peke yake. Mtu mzima wa zaidi ya kilo 50: ibuprofeni 400 kila saa 8 baada ya chakula, paracetamol gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Kidonge cha kwanza kimezwe kabla ganzi haijaisha, baada ya uji kidogo. Anayesubiri maumivu yafike kwanza huwa anayakimbiza usiku kucha.

Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, mimba, au pumu inayochochewa na aspirini atumie paracetamol peke yake mpaka daktari aseme vingine. Diklofenaki ni ndugu ya ibuprofeni, zisimezwe pamoja. Na soma karatasi ya vidonge vya mchanganyiko: vingi vina paracetamol ndani tayari, na mtu huimeza mara mbili bila kujua. Aspirini isitumike, inazuia damu kuganda. Kuiponda na kuiweka juu ya ufizi huunguza ufizi.

Maji ya chumvi au klorheksidini

Baada ya saa 24, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa na kuwa vuguvugu, mara 4 mpaka 6 kwa siku, hasa baada ya kula. Usiyagugumize mdomoni, inamisha kichwa upande huu na ule, kisha acha yamwagike. Klorheksidini ya asilimia 0.12 au 0.2, mara mbili kwa siku kwa wiki moja, hupunguza zaidi hatari ya kishimo kikavu (bonge linapotoka na mfupa kubaki mtupu), na tunaipendekeza kwa mvutaji na kwa aliyewahi kuvimba kofia. Itachafua meno kwa rangi ya kahawia ikichanganyika na chai, na hupoteza nguvu ukiitumia mara tu baada ya dawa ya meno: acha nusu saa kati yake. Mwenye faranga kidogo asijisikie ameachwa nyuma, chumvi inafanya kazi nzuri.

Chakula cha siku mbili za kwanza kiwe laini na kisiwe cha moto: uji wa masoso uliopoa, maziwa ya mgando, avoka iliyopondwa, ndizi mbivu, mchuzi wa maharagwe uliochujwa. Kisha mayai, viazi vilivyopondwa, bugali laini na mchuzi. Mchele, karanga, mahindi ya kuchoma na sambaza wa kukaanga vingoje wiki 2. Sombe pia ingoje. Nyuzi zake hushuka kishimoni zikakaa. Pilipili kila mtu anajua.

Maumivu ya kawaida au kishimo kikavu

Hapa ndipo kulinganisha kunapookoa siku nyingi za mateso.

| | Kupona kawaida | Kishimo kikavu | Maambukizo |
|---|---|---|---|
| Maumivu | makali siku 1–3, kisha hushuka | hupanda tena siku 3–5, hufika sikioni | hurudi pamoja na uvimbe |
| Uvimbe | kilele siku 2–3 | haurudi | unakua, ngozi ina joto |
| Homa | kidogo au hakuna | hakuna | 38 na zaidi |
| Kishimo | bonge jeusi, baadaye utando mweupe | mfupa mtupu, harufu mbaya | usaha |
| Vidonge | vinasaidia | havigusi | vinasaidia kidogo |

Utando mweupe au wa manjano juu ya kishimo si usaha. Ni kifuniko cha kupona. Anayeukwangua kwa kijiti anajitengenezea kishimo kikavu kwa mkono wake.

Kishimo kikavu huwapata zaidi wavuta sigara, wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi, na watu waliong'olewa gego la chini kwa shida. Antibiotiki haikitibu. Daktari hukiosha kwa maji ya chumvi na kuweka dawa yenye mafuta ya karafuu. Nafuu huja mara nyingi ndani ya saa moja, na dawa hubadilishwa kila siku 1 mpaka 3. Usimimine mafuta ya karafuu mwenyewe, huunguza nyama changa.

Homa baada ya siku ya tatu, huku kwetu, kila mtu huiita malaria. Pima malaria, sawa, lakini siku hiyohiyo fungua mdomo mbele ya daktari wa meno. Na uvimbe ukishuka chini ya taya, sakafu ya mdomo ikawa ngumu, ulimi ukainuliwa, kumeza kukashindikana au pumzi ikabana, usisubiri asubuhi wala usimwendee daktari wa meno: nenda hospitali kubwa mara moja, uvimbe huo unaweza kuziba koo ndani ya saa chache.

Nyuzi za hariri hutolewa siku ya 7; zinazoyeyuka huanguka zenyewe kati ya wiki 1 na 3. Kishimo cha chini kitaendelea kudaka chakula hata baada ya nyuzi kutoka. Kuanzia siku ya 5 hadi 7, kama daktari ameridhia, chukua bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, lijaze maji ya chumvi ya vuguvugu, elekeza mdomo wake ukingoni mwa kishimo mbele ya kioo, na sukuma polepole baada ya kila mlo. Mwanzoni hutoka punje za uji na vipande vya majani. Kishimo hujaa kutoka chini kwenda juu, kila siku bomba linaingia kina kifupi zaidi, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Kwa wengi hilo hutokea karibu na wiki ya nne, na hapo tarehe ya upande wa pili inaweza kuandikwa.